Imani Isiyo na Imani

Katika pwani ya mashariki nchini Omani, baina ya vijiji vya Dibab na Bimmah, mwendo mfupi wa gari kabla ya kuufikia mji mdogo wa Tiwi ukitokea Maskati, kuna shimo kubwa ambalo wenyeji huliita Hawiyat Najm, yaani shimo la nyota. Ukubwa wake ni kama mita 50 kwa 70, na kutoka ukingoni hadi kwenye maji ni kama mita 20. Maji yake yana rangi ya feruzi na chumvi kidogo, kwa kuwa maji baridi ya nchi kavu na maji ya bahari hukutana humo chini kwa chini. Siku hizi pamezungushiwa ukuta na kujengwa ngazi za kuteremkia, na siku za mapumziko familia hujaa hapo na birika zao za kahawa. Simulizi la zamani lasema kwamba nyota ilidondoka kutoka mbinguni ikaitoboa ardhi. Wanajiolojia wanasema hapakuwa na nyota. Jiwe la chokaa liliyeyushwa na maji kwa muda mrefu mno, likabaki pango, kisha paa la pango likaporomoka.

Mzee mmoja wa Tiwi, aliyezaliwa Pemba na kuja Omani akiwa kijana, ndiye aliyenifanya niandike makala haya. Ninafundisha upande huu wa Sharqiya, na nipitapo barabara ya pwani kwenda Maskati hupenda kusimama kwake, kwa kuwa Kiswahili chake kinanikumbusha nyumbani ingawa nyumbani kwangu si Pemba bali Uchagani. Siku hiyo, baada ya shikamoo na marahaba, na baada ya kuulizana hali kwa utaratibu unaostahili, aliniuliza:

"Nasikia wewe ni Mkristo, mwanangu, na ni msomi."

"Ndiyo, mzee. Mkristo kwa malezi, na msomi kwa bahati."

"Basi nikuulize. Sisi wazee wetu walituambia lile shimo ni la nyota. Wakaja wenye vipimo vyao, wakasema si nyota, ni maji. Tukakubali. Jina tumeliacha palepale, kwani jina halimli mtu. Lakini lile ni shimo tu. Dini si shimo. Wenye vipimo wakikujia kwenye dini yako, wewe utafanya nini?"

Nilimpa jibu ambalo wasomi wa dini tumelizoea: kwamba sayansi hueleza namna mambo yanavyotokea na dini hueleza maana yake, kwamba kila moja ina uwanja wake, na kwamba hakuna haja ya ugomvi. Alinisikiliza kwa adabu, akaniongezea kahawa, kisha akasema, "Jibu zuri. Lakini hilo ni la darasani, na mimi sikukuuliza darasani."

Alikuwa na haki. Jibu langu lilikuwa sahihi kwa kadiri ambayo ramani iliyochorwa na mtu asiyesafiri huweza kuwa sahihi. Haya yafuatayo ni jaribio la pili.

Nianze na neno lenyewe. Neno *imani* limetujia kutoka Kiarabu, pamoja na ndugu zake: *amani*, *amana*, *amini*, *mwaminifu*. Wote wana asili moja, na asili hiyo inahusu usalama na kutegemewa. Hata hivyo, lilipokaa pwani yetu neno hili lilipata maana ya pili ambayo katika Kiarabu si maana yake ya kawaida. Mswahili akisema "yule mtu hana imani", mara nyingi hamaanishi kwamba hasali. Anamaanisha kwamba hana huruma. Tunaingiwa na imani tumwonapo yatima. Tunasema mkuu fulani alitenda bila imani alipowafukuza wapangaji usiku wa mvua. Kamusi zetu huorodhesha maana zote mbili chini ya kidahizo kimoja: kusadiki kwa moyo, na huruma. Wasemaji wa kawaida hawakuona sababu ya kutafuta neno jingine.

Sidai kwamba lugha ni ushahidi wa ukweli. Lugha hukosea kama watu wanavyokosea. Lakini inatuonyesha kwamba mjadala wa imani na sayansi, kama tulivyoupokea kutoka vyuo vya Ulaya na Marekani, umejengwa juu ya nusu moja tu ya neno letu. Katika mjadala huo imani ni orodha ya madai: dunia iliumbwa kwa siku ngapi, maiti anaweza kufufuka au hawezi. Mwenye shaka huyapima madai hayo, muumini huyatetea, na watazamaji hushangilia upande wao. Ile nusu ya pili, yaani namna ninavyomtazama mtu aliye mbele yangu, haiulizwi kabisa. Nadhani kwa sababu hiyo majibu yetu hubaki ya darasani.

Kisa ninachokifahamu vizuri zaidi kinatoka kwenye mlima wa kwetu.

Tarehe 11 Mei 1848, mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann, aliyetumwa na Church Missionary Society na kuishi Rabai karibu na Mombasa, aliuona Kilimanjaro. Alikuwa anasafiri kuelekea Uchagani pamoja na kiongozi wa msafara, Bwana Kheri, mtu wa pwani aliyezijua njia za bara. Rebmann aliona kitu cheupe kileleni, akamuuliza mwenzake ni nini. Jibu alilopata ni kwamba hajui, ila anadhani ni baridi. Neno hilo moja, *baridi*, liliingia katika shajara ya Rebmann na baadaye katika jarida la misheni lililochapishwa London mwaka 1849. Rebmann, aliyekulia Württemberg ambako theluji si habari, alikuwa na hakika juu ya alichokiona: theluji, digrii tatu tu kusini mwa ikweta.

Katika safari ya pili alifika Machame, na huko akasimuliwa jambo ambalo mimi, kama mtoto wa mlima huo, naliona kuwa kubwa kuliko lile la kuuona mlima. Wachagga hawakuwa wakisubiri mgeni awaambie kile cheupe ni nini. Mangi Rengua, baba wa Mangi Mamkinga aliyekuwa akitawala wakati huo, alikwisha kutuma watu wapande wakakichunguze. Alirudi mmoja tu, aitwaye Sabaya, mikono na miguu yake imeharibiwa na baridi. Na walikuwapo wengine waliokileta kile cheupe chini ndani ya vyombo, wakidhani ni kitu mfano wa fedha, wakakuta ni maji matupu. Hilo ni jaribio la kisayansi kwa kila kigezo ninachokijua: walikuwa na dhana, wakaipima, matokeo yakaikataa, wakaiacha. Na liligharimu vidole na maisha ya watu.

Huko London aliishi mwanajiografia William Desborough Cooley, mtu aliyesoma sana na ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika. Kwa hoja nyingi, hasa katika kitabu chake cha mwaka 1852, aliikataa theluji ya Rebmann. Alidai kwamba ilitokana na fikra za mmisionari kuliko macho yake. Cooley hakuwa mpumbavu. Alikuwa na haki ya kuuliza maswali, kwani theluji karibu na ikweta si jambo la kukubaliwa kwa barua moja. Tena hakuwa mtu wa kudharau masimulizi kila mara: ramani yake mwenyewe ya maziwa ya bara ilitegemea kwa sehemu maelezo ya mtu wa pwani, Khamis bin Uthman, aliyefika London. Kasoro yake ilijitokeza baadaye. Mwaka 1861 Baron Carl Claus von der Decken alifika mlimani pamoja na mwanajiolojia Richard Thornton. Mwaka 1862 alirudi na Otto Kersten, wakapanda zaidi ya mita 4,000, na usiku theluji ikawaangukia. Cooley hakubadilika. Alikuwa amegeuka muumini wa shaka yake.

Hapa baadhi ya Wakristo wenzangu hupenda kukisimamisha kisa, wapige vigelegele: mmisionari alisema kweli, mwanasayansi akaaibika. Ni mapema mno kushangilia. Rebmann huyohuyo, pamoja na mwenzake Jakob Erhardt, alitoa ramani iliyojadiliwa sana London mwaka 1856, ikionyesha ziwa moja kubwa mno katikati ya Afrika, lenye umbo kama la konokono asiye na gamba. Waliwasikiliza wafanyabiashara wengi wa pwani, kila mmoja akieleza ziwa alilolijua, nao wakayaunganisha yote. Ziwa hilo halikuwapo. Burton na Speke waliondoka pwani mwaka 1857, na mwaka uliofuata ilidhihirika kwamba Tanganyika na Nyanza ni maziwa mawili yaliyo mbalimbali. Nyasa lilikuwa la tatu. Kwa hiyo mtu yuleyule, mwenye dini ileile na moyo uleule, alipatia alipotumia macho yake na akakosea alipounganisha asichokiona.

Nimekieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu kinavunja mpaka ambao nilimchorea mzee wa Tiwi. Watu hawakugawanyika kati ya wenye imani na wenye sayansi. Wote, mmisionari, mwanajiografia, Mangi na kiongozi wa msafara, waliishi kwa ushahidi wa watu wengine, kama tunavyoishi sisi. Mimi sijawahi kupima umri wa jiwe wala uzito wa chembe. Nimewaamini waliopima, na nina sababu nzuri za kuwaamini: huonyesha njia waliyopita, na huruhusu mwingine aipite. Tofauti inayostahili kuangaliwa ni baina ya mtu anayekubali kurekebishwa na asiyekubali. Na mara nyingi asiyekubali kurekebishwa hushikwa na kitu kisichohusu ushahidi hata kidogo: hawathamini wale ambao ukweli umepitia mikononi mwao. Sidhani Cooley aliwahi kujiuliza Sabaya alikuwa nani, na alipoteza vidole vyake kwa ajili gani. Alikosa imani kwa maana ya pili, na kukosa huko kuliyaharibu macho yake kuliko alivyodai macho ya Rebmann yameharibika.

Mpaka hapo kisa ni cha mlima, na mlima hauumwi. Mzee alikwisha kunionya kwamba shimo ni jambo jepesi. Swali huwa zito pale imani inapobeba uhai wa mtu.

Wasomaji wengi watakumbuka mwaka 2011, ambapo Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, alitoa kikombe cha dawa ya mizizi katika kijiji cha Samunge, Loliondo, kwa shilingi 500. Alisema Mungu ndiye aliyemwonyesha. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi katika njia mbovu, wagonjwa wa kisukari, kifua kikuu na virusi vya UKIMWI wakilala ndani yake, na wenye fedha wakifika kwa helikopta. Katika makanisa na vyuo tulibishana kama ni muujiza au ni udanganyifu. Ninapokumbuka mabishano yale, kinachonisumbua ni jinsi tulivyowazungumzia watu wa foleni kana kwamba ni hoja. Kwa upande mmoja walikuwa ushahidi wa nguvu za Mungu. Kwa upande mwingine walikuwa ushahidi wa ujinga wa umma. Ni wachache waliouliza wametoka kwenye hospitali za namna gani, wameambiwa nini huko, na nani aliyewaambia.

Shangazi yangu hakwenda Loliondo. Habari yake ilitokea miaka michache baadaye, na inahusu watu wengine ambao sitawataja. Alikuwa na kisukari, akijichoma sindano za insulini kila siku. Katika kikundi cha maombi alichojiunga nacho aliambiwa kwamba sindano ni ushahidi wa shaka: huwezi kuomba uponyaji asubuhi na jioni ukajichoma kana kwamba hukusikilizwa. Akaacha. Mimi wakati huo nilikuwa Ujerumani nikiandika tasnifu ya uzamivu, na binamu zangu walinipigia simu nimweleze, kwa kuwa alikuwa ananisikiliza tangu nikiwa mdogo.

Nilimweleza. Nilimweleza kongosho inavyofanya kazi na sukari inavyopanda katika damu. Nilimweleza, kwa kuwa nilikuwa najivunia elimu yangu ya teolojia, kwamba mafundisho aliyopewa hayana msingi katika Maandiko, kwamba Luka mwenyewe kwa mapokeo ya kanisa alikuwa tabibu, na kwamba kumwekea Mungu masharti namna hiyo ni kumjaribu. Kila nilichosema kilikuwa kweli. Nilimtumia na maandishi marefu ayasome. Simu ya tatu au ya nne, alinikatiza kwa upole. "Umesoma sana, mwanangu," alisema. "Lakini wale wenzangu wanakuja kunikalia kila jioni. Daktari hajawahi hata kuinua macho kutoka kwenye faili. Na wewe uko mbali."

Miezi michache baadaye alizimia, na hakuamka.

Nimelibeba neno lake muda mrefu, na nimejaribu kutolifanya liwe jepesi. Kuna usomaji wake ulio rahisi na wa uongo, kwamba ukweli si kitu na upendo ndio kila kitu. Hapana. Wale waliomkalia kila jioni walimpenda, nina hakika. Walimpikia, walimfulia, waliimba naye. Mapenzi yao yalimwua. Huruma isiyokubali kipimo cha sukari ni huruma ya hatari, kwani inambembeleza mtu huku inamsogeza kwenye ukingo. Lakini sisi wenye kipimo, daktari yule na mimi, tulimpa ukweli kama mtu anayemrushia mwenzake kamba bila kuangalia kama imemfikia. Wao walikuwa na imani ya pili bila uaminifu wa kupima. Sisi tulikuwa na uaminifu wa kupima bila imani ya pili. Shangazi alifanya uchaguzi ambao mtu yeyote mwenye akili timamu na upweke angeufanya: alikwenda alikokuwa anaonekana.

Hapa mwenye shaka atanisimamisha, na ana haki. Atasema: umekwisha kubali kwamba cha kupimwa kipimwe, na kwamba watu watendewe kwa huruma. Yote mawili yanawezekana bila Mungu. Ukristo wako umebaki na kazi gani?

Ni swali zuri kuliko yote, na sitaki kulijibu kwa ujanja. Dini ya Kikristo haiwezi kujigeuza kuwa jina jingine la wema. Inadai kwamba jambo fulani lilitokea: kwamba mtu aliyeuawa chini ya Pontio Pilato hakubaki kaburini. Dai hilo limetufikia kwa ushuhuda, kama theluji ilivyofika London, ila hatuna von der Decken wa kumtuma akahakikishe. Kwa hiyo ni lazima nikiri kwamba nilicho nacho si yakini. Kiswahili kinanisaidia hapa pia, kwa kuwa kimetenga maneno: *kujua* ni jambo moja, *kuwa na yakini* ni jingine, *kusadiki* ni la tatu. Mhubiri anayesema "najua" mahali ambapo ana haki ya kusema "nasadiki" tu, ameiba neno lisilo lake. Mwenye shaka anayesema "imethibitika kwamba hakuna" naye ameliiba.

Na wala mapokeo yangu hayamfukuzi mwenye shaka. Tomaso alikataa kusadiki mpaka aguse alama za misumari. Mahubiri mengi niliyoyasikia utotoni yalimfanya Tomaso mfano wa aibu. Nikirudi kwenye simulizi lenyewe katika Injili ya Yohana, naona kwamba alipata alichokiomba: hakuambiwa atoke, alisogezewa mkono. Tena alichotaka kukigusa ni majeraha. Hakuomba ishara angani. Alitaka kuhakikisha kwamba aliyesimama mbele yake ni yuleyule aliyeteswa. Sijui kama Yohana alikusudia maana hiyo, lakini mimi nimejifunza humo kwamba shaka iliyo halali huuliza kwa kukaribia, na hukubali kuguswa na jibu.

Kwa namna hiyo naelewa pia kwa nini padri Mbelgiji Georges Lemaître ananivutia kuliko watetezi wengi wa dini. Mwaka 1927 alichapisha hoja kwamba ulimwengu unapanuka, na mwaka 1931 akapendekeza kwamba ulianza kutoka katika hali moja iliyosongamana sana. Papa Pius XII alipotoa hotuba mwaka 1951 iliyoonekana kuitumia elimu hiyo kama uthibitisho wa uumbaji, Lemaître hakufurahi. Alitaka nadharia yake ibaki wazi kwa kupimwa, na hata kwa kukataliwa, bila kufungwa kwenye madhabahu. Angekubali sifa, angepata makofi ya waumini duniani kote. Aliona kwamba Mungu anayesimamishwa juu ya kipimo cha leo ataangushwa na kipimo cha kesho.

Kwetu Afrika Mashariki tumekuwa na haraka zaidi. Mwaka 2006, makumbusho ya taifa ya Kenya yalipokuwa yakijiandaa kuonyesha mifupa ya kijana wa Turkana, ambayo Kamoya Kimeu aliigundua Nariokotome mwaka 1984 na ambayo umri wake ni kama miaka milioni moja na nusu, baadhi ya viongozi wa makanisa ya kiinjili walitaka isipewe nafasi ya mbele. Nawaelewa walichokiogopa: kwamba mwanafunzi akiona mifupa ile atajiona si chochote. Lakini dawa ya woga huo haiwezi kuwa kuificha mifupa. Mtoto aliyetambuliwa na Mkamba mmoja mwenye jicho kali, kutokana na kipande kidogo cha fuvu kati ya kokoto za mto mkavu, hatutii aibu. Wa kututia aibu ni Mungu anayehitaji mifupa ifichwe ili aendelee kuaminiwa.

Basi, kwa nini bado naingia kanisani? Huku Omani ibada kuu ni Ijumaa, kwa kuwa ndiyo siku ya mapumziko, na mara moja au mbili kwa mwezi naendesha gari hadi Maskati, kwenye viwanja vya makanisa vilivyotolewa na dola, ambako Wahindi, Wafilipino, Waethiopia na sisi wa Afrika Mashariki hupokezana kumbi. Naketi nyuma. Kuna Ijumaa ambazo sisadiki hata nusu ya ninayoyatamka. Naendelea kuyatamka kwa sababu nimeyapokea kama amana, si kama mali yangu. Mwenye amana ana wajibu wa kuitunza, na hana ruhusa ya kuiongezea thamani ya uongo. Mlimani kwetu shangazi ndiye aliyenifundisha Sala ya Bwana, kabla sijajua kusoma. Alinikabidhi kitu kilichomzidi yeye, na baadaye kilitumiwa vibaya dhidi yake. Nikikitupa kwa sababu hiyo, nitakuwa nimewaachia wale waliokitumia vibaya.

Ninapotaka kuona kwamba nusu mbili za neno hili zinaweza kukaa katika nyumba moja, huwakumbuka Donald Bosch na mkewe Eloise. Bosch alikuwa daktari wa misheni wa kanisa la Reformed la Marekani, aliyekuja Omani katika miaka ya 1950 na kufanya kazi katika hospitali ya Matrah, wakati ambapo madaktari nchini walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Yeye na mkewe walizoea kuokota makombe ya bahari ufukweni, wakayapanga, wakayapeleka kwa wataalamu, na mwaka 1982 wakatoa kitabu juu ya makombe ya Omani. Konokono mmoja wa bahari anayepatikana katika kisiwa cha Masirah, hapahapa Sharqiya, alipewa mwaka 1973 jina la Eloise: *Acteon eloiseae*. Siwezi kusema yaliyokuwa mioyoni mwao. Nasema tu kwamba mtu anayeweza kumchunguza konokono wa ukubwa wa kidole gumba kwa uangalifu wa kumtofautisha na jamaa zake wote, na kesho yake akamwinamia mgonjwa asiye wa dini yake, anafanya kazi moja. Anatazama kilichopo, na haondoi macho haraka.

Nilirudi Tiwi baada ya muda, nikamwambia mzee kwamba nina jibu jingine. Nilimwambia kwamba wenye vipimo wakija nitawafungulia mlango, na watakachokiangusha kwa haki nitakiacha kianguke. Kwamba yale wasiyoweza kuyapima nitayasadiki bila kujidai kwamba nayajua. Na kwamba yeyote, wa kwetu au wa kwao, atakayeniletea ukweli au uponyaji bila kumtazama mgonjwa usoni, sitamkubali hata akiwa na hoja zote, kwa sababu nilikuwa mtu huyo mimi mwenyewe. Nikamsimulia habari za shangazi.

Alikaa kimya, akizungusha kikombe kidogo cha kahawa mkononi kama wafanyavyo wanapokuwa wametosheka. Nilidhani atanijibu kwa jambo la dini yake, au arudi kwenye habari ya shimo na nyota.

"Aliacha watoto?" aliuliza.

"Wawili, mzee."

"Wako wapi?"

"Mmoja Moshi, mmoja Dar es Salaam."

"Na wewe unawaangalia?"

Nilimjibu kweli, kwamba si sana.